Kabla ya Kupaka Rangi, Tukague Nyaya: Je, Nyumba ya Zamani ya Parokia Inahitaji Wayaringi Mpya?



Ofisi yetu hupokea maombi mengi ya kusaidia ukarabati wa majengo ya zamani: nyumba za mapadre, nyumba za masista, zahanati, hosteli na kumbi za mikutano. Maombi hayo hutaja mabati, dari, vigae, milango na rangi. Umeme hutajwa mara chache, na ukitajwa huwa ni mstari mmoja tu wa kubadilisha swichi na balbu. Jambo hili linaeleweka. Bati linalovuja huonekana na kila muumini, lakini waya uliochakaa umejificha ndani ya ukuta na juu ya dari.

Katika makala hii tunapenda kujibu swali ambalo kila kamati ya ujenzi hukutana nalo: ukarabati ukianza, je, nyaya zote zibadilishwe, zirekebishwe kwa sehemu, au ziachwe kama zilivyo? Kwa ufupi, umri wa nyumba peke yake hautoshi kutoa jibu, wala macho peke yake hayatoshi. Uamuzi utokane na ukaguzi na vipimo, na ufanyike kabla fundi plasta na fundi rangi hawajaanza kazi.

KWA NINI SWALI HILI SI DOGO

Ndani ya nyumba ya mapadre hutunzwa vitabu vya ubatizo, kipaimara na ndoa, na vingine havina nakala mahali pengine. Humo hufanya kazi mpishi anayeshika jokofu na pasi akiwa na mikono yenye maji, pengine akiwa peku juu ya sakafu ya saruji. Hostelini wanalala watoto tuliokabidhiwa na wazazi wao. Moto wa hitilafu ya umeme unaweza kuanza taratibu juu ya dari, pale nyaya zilipounganishwa vibaya karibu na mbao kavu, viota vya ndege na kinyesi cha popo. Ukija kuonekana, paa limekwisha kushika.

Ikumbukwe pia kwamba shirika la umeme likishafikisha umeme kwenye mita, nyaya za kuanzia mita kwenda ndani ni jukumu la mwenye nyumba. TANESCO ikibadilisha nguzo au ikifunga mita mpya ya LUKU, haina maana kwamba nyaya za ndani zimekaguliwa.

NYUMBA ZETU ZILIPATAJE UMEME?

Misheni nyingi zilijengwa kabla gridi haijafika. Wamisionari walitumia jenereta, au mtambo mdogo wa kuzungushwa na maji ya mto. Taa ziliwashwa jioni kwa saa chache, kisha injini ikazimwa. Nyaya zilitandazwa kwa mahitaji hayo: taa chache, redio, labda na pasi moja.

Baadaye gridi ikafika. Mji wa Songea, kwa mfano, uliunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo ulitegemea jenereta za dizeli. Huko vijijini, Wakala wa Nishati Vijijini (REA), ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, umefikisha nguzo katika maeneo mengi yenye parokia za zamani. Tunamshukuru Mungu kwa maendeleo hayo. Lakini katika baadhi ya nyumba umeme mpya uliunganishwa kwenye nyaya zilezile za zamani.

Hapo pana tofauti mbili. Kwanza, umeme sasa upo saa 24 na vifaa vimeongezeka. Pili, jenereta ndogo ikipata shoti hudhoofika au huzimika, lakini gridi huendelea kusukuma umeme mwingi mpaka fyuzi ikate au waya uungue. Kwa hiyo nyaya zilizotumika miaka 40 bila matatizo kwenye jenereta hazijathibitishwa kuwa salama kwenye gridi.

DALILI AMBAZO KAMATI INAWEZA KUZIONA YENYEWE

Kabla ya kumwita fundi, wanakamati wawili wanaweza kuzunguka nyumba wakiwa na daftari, bila kufungua wala kugusa waya wowote. Andikeni mkiona haya:

(a) Swichi au soketi yenye joto, iliyobadilika rangi kuwa ya kahawia, au yenye harufu ya plastiki iliyoungua.

(b) Taa zinazofifia kila pasi au birika la umeme linapowashwa.

(c) Fyuzi zinazokatika mara kwa mara. Hali ni mbaya zaidi ikiwa zimeacha kukatika kwa sababu mtu alifunga waya mnene au msumari mahali pa waya wa fyuzi. Fyuzi ya namna hiyo hailindi tena kitu chochote.

(d) Soketi za zamani za pini za mviringo, au vyumba vyenye soketi moja tu na waya za kuongezea zinazopita chini ya zulia na juu ya milango.

(e) Swichi za chuma, au mtu yeyote kusema kwamba jokofu, bomba la maji au mlango wa chuma humtekenya akiugusa. Hapo msisubiri ukarabati. Zimeni sehemu hiyo na mwite fundi siku hiyohiyo.

(f) Viungio vya nyaya darini vilivyosokotwa kwa mkono na kufungwa kwa utepe, au nyaya zilizotafunwa na panya. Tazameni kwa tochi kutoka kwenye mlango wa dari. Msipande ndani.

Kuna jaribio moja rahisi. Zimeni taa zote na chomoeni vifaa vyote, kisha tazameni taa ndogo ya mita inayopepesa kadiri umeme unavyotumika. Ikiendelea kupepesa, kuna kifaa kilichosahauliwa au kuna umeme unaovuja mahali fulani. Yote mawili yanakula uniti za parokia, na la pili linaweza kuua.

WAYA WA NAMNA GANI UMO UKUTANI?

Aina ya waya husaidia zaidi kuliko tarehe iliyochongwa kwenye jiwe la msingi. Katika nyumba za kabla ya miaka ya 1960 unaweza kukuta nyaya zenye ngozi ya mpira iliyozungushiwa kitambaa. Mpira huo hukauka kwa miaka mingi, hasa karibu na joto la balbu, na ukikunjwa hupukutika kama ganda la mkate mkavu. Nyaya za mpira zikikutwa bado zinatumika, hatuna la kujadili: ziondolewe zote.

Nyaya zilizofuata zina ngozi ya plastiki ya PVC. Hizi hudumu miaka mingi zikiwa hazikuzidishiwa mzigo, hazikupigwa jua na hazikutafunwa. Nyumba ya mwaka 1975 yenye nyaya za plastiki ndani ya mabomba inaweza kuwa salama kuliko nyumba ya mwaka 2005 iliyotandazwa nyaya dhaifu na fundi asiye na ujuzi.

Tazameni pia rangi. Nyaya za zamani zilifuata utaratibu wa Uingereza: nyekundu ni waya wa moto, nyeusi ni nyutro, kijani ni ethi. Uingereza ilianza kubadili rangi hizo mwaka 2004, na sasa kahawia ni waya wa moto, bluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Nyumba iliyoongezwa vyumba kidogo kidogo inaweza kuwa na rangi za namna zote mbili. Penye umeme wa njia tatu hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu nyeusi iliyokuwa nyutro zamani ni waya wa moto katika utaratibu mpya. Fundi asiamini rangi, apime.

ETHI: MLINZI ANAYESAHAULIWA

Katika nyumba nyingi za zamani sakiti za taa hazina waya wa ethi kabisa. Penye mabomba ya chuma, mafundi wa zamani walitumia bomba lenyewe kuwa ethi. Bomba likipata kutu kwenye maungio, njia hiyo hukatika bila mtu kujua.

Nyumba zetu nyingi hutegemea fimbo ya shaba iliyochomekwa ardhini karibu na mita. Tufanye hesabu ndogo. Tuseme fimbo hiyo, pamoja na udongo wake, ina ukinzani wa omu 20. Jokofu likipata hitilafu, umeme wa volti 230 utapeleka ardhini ampia 11.5 tu (230 gawanya kwa 20). Fyuzi ya ampia 30 haitakatika. Mwili wa jokofu utabaki na umeme, ukimsubiri mpishi. Wakati wa kiangazi udongo hukauka, ukinzani huongezeka, na hali huwa mbaya zaidi.

Dawa yake ni kifaa kinachohisi umeme unaovuja na kuukata mara moja. Kwa usalama wa watu huchaguliwa kile kinachokata uvujaji ukifika miliampia 30. Kina kitufe cha kujaribia ambacho yeyote anaweza kukibonyeza. Umeme usipokatika, kifaa ni kibovu. Tunaposaidia ukarabati wowote wa umeme, hiki ni kitu cha kwanza tunachouliza.

Tuwaombe pia wahisani wetu wa Ulaya jambo moja. Vifaa vya msaada kutoka Ujerumani na nchi jirani zake huja na plagi ya pini mbili za mviringo. Plagi hiyo ikilazimishwa kuingia kwenye soketi zetu za pini tatu bapa, ethi ya kifaa haiunganiki. Tafadhali, mkituma mashine ya kufulia au jokofu, tengeni na fedha kidogo ya kubadilisha plagi.

VIPIMO VYA FUNDI

Baada ya daftari la kamati, aitwe fundi umeme mwenye leseni ya EWURA. Leseni hizo zina madaraja, hivyo mwombeni awaonyeshe leseni yake na daraja lake. Fundi huyo aje kama mkaguzi kwanza, na alipwe kwa ukaguzi huo. Fundi anayekagua bure kwa matumaini ya kupewa kazi anaweza kuvutwa kusema kwamba kila kitu kibadilishwe.

Mambo ya kupimwa ni haya:

1. Uzima wa ngozi ya nyaya. Umeme wote huzimwa, vifaa na balbu huondolewa, kisha kila sakiti hupimwa kwa mashine ya mega kwa volti 500. Jibu lisipungue megaomu 1. Nyaya nzuri hutoa zaidi sana ya hapo. Vifaa vya elektroniki vitenganishwe kwanza, maana volti hizo zinaweza kuviharibu.

2. Mwendelezo wa ethi, kutoka kila soketi mpaka kwenye fimbo, na ukinzani wa fimbo yenyewe.

3. Mpangilio wa nyaya, ili kuhakikisha swichi zinakata waya wa moto. Swichi ikikata nyutro, taa itazimika lakini kishikizo cha balbu kitabaki na umeme.

4. Unene wa nyaya ukilinganishwa na fyuzi au sakitibreka inayozilinda.

Majibu yaandikwe sakiti kwa sakiti, yatiwe sahihi, na nakala ibaki ofisini kwa paroko. Kauli kama nyaya zimechoka bila namba yoyote isikubaliwe kuwa ripoti.

MZIGO WA LEO

Nyaya zinaweza kupita vipimo vyote na bado zisitoshe matumizi ya leo. Tuchukue mfano wa nyumba yenye meinswichi ya ampia 30. Hita ya kuogea ya wati 4,500 hula karibu ampia 20. Birika la wati 2,000 hula karibu ampia 9, na pasi ya wati 1,200 karibu ampia 5. Asubuhi moja ya wageni vitatu hivi vikiwashwa pamoja ni ampia 34, na bado hatujahesabu jokofu.

Joto la paa nalo hupunguza uwezo wa waya. Nyaya za milimita za mraba 2.5 ndani ya bomba ukutani hubeba takribani ampia 24 hewa ikiwa na nyuzi joto 30. Mahali penye nyuzi joto 50, kama inavyoweza kuwa chini ya bati mchana, uwezo huo hushuka hadi ampia 17 hivi.

Kwa upande mwingine, taa zimekuwa nyepesi. Balbu kumi za zamani za wati 60 zilikula wati 600. Balbu kumi za LED za wati 9 zinakula 90. Kwa hiyo sakiti za taa zenye nyaya nzima na ethi zinaweza kuachwa, na fedha zielekezwe jikoni, bafuni na chumba cha pasi. Hapo ndipo kamati inaweza kuokoa fedha nyingi kwa haki.

MAJIBU MATATU

Kuziacha. Nyaya ni za plastiki, vipimo ni vizuri, ethi ipo, na mzigo hautaongezeka. Fungeni tu kifaa cha kukata umeme unaovuja, badilisheni swichi na soketi zilizovunjika, na pimeni tena baada ya miaka michache.

Kurekebisha kwa sehemu. Nyaya nyingi ni nzima, lakini jiko au bafu limezidiwa, au sakiti moja imeshindwa vipimo. Wekeni bodi mpya yenye sakitibreka, vutieni vifaa vikubwa nyaya zao wenyewe, rekebisheni ethi.

Kubadilisha zote. Nyaya ni za mpira, au sakiti nyingi zimeshindwa, au ethi haipo kabisa, au nyumba imeunganishwa viraka vingi hata hakuna anayejua waya gani unakwenda wapi. Hapa viraka vingine ni kupoteza fedha. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu mtaujenga mara mbili, kwa kuubomoa ukiwa umekwisha pakwa rangi.

WAKATI NA NAMNA YA KUFANYA KAZI

Mpangilio mzuri ni huu: paa kwanza ili maji yasiingie, kisha mabomba na nyaya, kisha vipimo, ndipo plasta, dari na rangi. Swichi na soketi hufungwa mwishoni.

Kabla ya kupasua kuta, fundi ajaribu kuvuta nyaya mpya ndani ya mabomba yaliyopo. Yakiwa wazi, kazi hupungua sana. Kuta nene za mawe au matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa udongo zisichimbwe mifereji mirefu ya ulalo, kwani hudhoofika. Mabomba ya juu ya ukuta, yakifungwa kwa unadhifu, hayaharibu nyumba ya kihistoria, na ni rahisi kuyakagua.

Nyaya zinunuliwe zenye alama ya ubora ya TBS. Kwangueni ncha ya waya kwa kisu: ikionekana nyeupe ndani ya rangi ya shaba, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudisheni dukani. Na lakiri ya mita isivunjwe na mtu yeyote. Mkihitaji kuongeza mzigo au kuhama njia moja kwenda tatu, andikieni TANESCO mapema.

KWA KAMATI NA KWA WAHISANI

Bwana wetu alifundisha juu ya mtu anayeketi kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara (Lk 14:28). Tunaziomba kamati zifanye ukaguzi wa umeme kabla ya kuandika bajeti, na ripoti ya fundi iambatanishwe na maombi. Gharama ziorodheshwe: idadi ya pointi, urefu na unene wa nyaya, bodi, ethi, ufundi. Tengeni akiba kwa yatakayoonekana dari likifunguliwa.

Kabla plasta haijafunika, pigeni picha kila ukuta, na mchore ramani inayoonyesha nyaya zinapita wapi. Picha hizo zitawasaidia wahisani kuona fedha zao zilipo, na zitamwokoa fundi wa miaka 20 ijayo asitoboe waya akitundika msalaba.

Kwa wahisani wetu tunasema hivi: tunajua vigae vipya hupendeza kwenye picha za ripoti kuliko nyaya zilizofukiwa ukutani. Hata hivyo, ikibidi kuchagua, tunaomba ruhusa ya kuchelewesha vigae. Sakafu ya zamani ya saruji inaweza kusubiri mwaka mmoja. Mpishi anayefungua jokofu kila asubuhi asisubirishwe.

Kamati zinazotaka msaada wa kuandaa hadidu za ukaguzi au kusoma ripoti ya fundi zinakaribishwa ofisini kwetu.